MTU WA VIDOLE VYEPESI: HISTORIA YA KIINI-MACHO NA MAFUNDISHO YAKE KWA SISI WANAFUNZI



Kwa nambari hii tuliombwa kuandika somo, na sisi tumechagua jambo ambalo wengi watacheka wakisoma kichwa chake. Lakini musicheke upesi. Jambo hili liliingia katika interna yetu trimestri hii, likakula pesa za watu, likaleta woga, na sisi wenyewe tuliowekwa kuwa kapita hatukutoka humo bila mawaa. Tutasema yote mahali pake.

1. Mambo yaliyotokea sokoni

Siku moja ya soko, mdogo wetu wa kelasi za chini alitoka kwao na minervali yake mfukoni. Badala ya kuja moja kwa moja ku biro ya kulipia, akapita sokoni. Jioni, saa ya etidi, tukamkuta analia nyuma ya dortwari. Tukamuuliza, akajibu: "Yaya Kapita, pesa imekwisha. Ule mutu iko na dawa. Niliona na macho yangu."

Mtu huyo alikuwa amekaa chini na kipande cha katoni mbele yake. Juu ya katoni kulikuwa vifuniko vitatu vya chupa na kidonge kidogo. Anafunika kidonge, anazungusha vifuniko, wewe unaweka pesa kwa kifuniko kimoja. Ukipata, anakulipa mara mbili. Mdogo wetu aliona mtu mwingine akipata, tena akipata. Akaweka pesa kidogo, akapoteza. Akaweka nyingine ili arudishe ile ya kwanza. Alipoamka katika usingizi huo, nusu ya minervali ilikuwa imekwenda.

Katika dortwari wengine walisema apelekwe kwa mzee fulani ambaye, kwa malipo, atafungua hiyo pesa. Wengine walitaka kwenda kumpiga yule mtu. Sisi tukasema: "Hapana, twende kwanza tutazame." Siku ya soko iliyofuata tukaenda wawili. Tulisimama robo saa, hatukupepesa macho, na tulipokuwa hakika kabisa kidonge kiko wapi, tukaweka franka elfu tano zetu wenyewe. Tukapoteza. Turudiapo tulikuwa kimya njia nzima, maana hata sisi, wa kelasi ya mwisho, tulianza kuwaza moyoni: labda kweli iko na dawa.

Tukaenda kwa profesa wetu wa fizike. Hakutucheka. Alichukua vikombe vitatu vya chai na kipande cha mkate, akakifinyanga kuwa kidonge, akatufanyia mchezo uleule, akatushinda mara tano. Kisha akaurudia polepole. Kidonge ni laini. Mchezaji anapokisukuma kikombe mbele, kidonge kinatokea nyuma yake na kubanwa kati ya vidole viwili. Kutoka hapo hakuna kitu chini ya kikombe hata kimoja, wewe chagua unachotaka! Akipenda, anavuta kikombe kingine nyuma na kukiingiza humo. Na yule mtu aliyepata mara mbili ni ndugu yake wa kazi. Profesa akasema: "Ninyi munatafuta dawa, na mimi ninatafuta vidole." Neno hilo ndilo lililotutuma kusoma historia hii.

2. Jina la kazi hii

Kwa Kiswahili tunasema kiini-macho. Wengine wanasema mazingaombwe. Kwa Kifaransa wanamwita mtu wa kazi hii prestidigitateur. Ukilivunja neno hilo utakuta maana yake ni mtu wa vidole vyepesi. Jina hilo ni la kweli, sababu linasema wazi nguvu inatoka wapi. Haisemi roho, haisemi dawa, inasema vidole.

Ni lazima tutofautishe mapema watu wawili. Wa kwanza anasimama mbele ya watu, anawajulisha kwamba atawadanganya macho, anafanya hivyo, wanapiga makofi na kurudi nyumbani. Huyo ni mwenye kiini-macho. Wa pili ana vidole vilevile, lakini anaficha kwamba ni vidole. Anasema ni nguvu. Historia yote tutakayosimulia ni habari ya hao wawili, na ya mpaka mwembamba ulio kati yao.

3. Vikombe vya zamani sana

Mchezo wa sokoni kwetu si wa jana. Seneca, mtu wa hekima wa Roma aliyemfundisha Kaisari Nero, yaani karibu miaka 2000 iliyopita, aliandika katika barua moja juu ya watu wanaocheza na vikombe na vijiwe. Alisema udanganyifu wao haumuumizi mtu, na kinachomfurahisha ni huko kudanganywa kwenyewe. Akionyeshwa namna inavyofanywa, hamu inakwisha. Hata majina ya wachezaji hao katika Kilatini yalitoka kwa vikombe vyao.

Lakini kuna picha nyingine ya mchezo huo. Ilichorwa miaka ya 1500 hivi katika nchi ambazo leo ni Uholanzi na Ubelgiji, na watu wanaihesabu kuwa kazi ya Hieronymus Bosch au ya watu waliomfuata. Mchezaji amesimama nyuma ya meza yenye vikombe na vidonge. Mbele yake mtu ameinama, macho yameng'ang'ania meza, kinywa wazi. Na nyuma ya huyo aliyeinama, mtu mwingine anatazama juu kama asiyejua kitu, huku mkono wake unakata mfuko wa pesa wa yule anayeshangaa!

Profesa alipotuonyesha picha hiyo, mdogo wetu alisema: "Ule aliyeinama ni mimi." Sisi tukanyamaza, maana alikuwa ni sisi vilevile.

4. Mwingereza aliyefungua siri kusudi watu wasiuawe

Sasa twende Uingereza, mwaka 1584. Zamani zile watu wa Ulaya walikuwa wakiwashtaki watu, zaidi wanawake wazee na maskini, kwamba ni wachawi. Ngombe akikufa, mtoto akiugua, walitafuta mama mzee wa jirani. Katika Uingereza waliohukumiwa kufa walinyongwa. Katika nchi nyingine za Ulaya wengi walichomwa moto.

Mtu mmoja wa jimbo la Kent, jina lake Reginald Scot, aliona mambo hayo na hakukubali. Aliandika kitabu kikubwa cha kuufunua uchawi. Ndani yake alieleza kwamba wanawake hao hawana nguvu wanayoshtakiwa nayo. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa desturi: akaeleza kwa kirefu namna wachezaji wa kiini-macho wanavyofanya kazi. Namna ya kupoteza franka mkononi. Namna ya kujionyesha kama umejitoboa ulimi kwa chuma, kumbe chuma chenyewe kimepindwa katikati. Namna ya kuonyesha kichwa kilichokatwa juu ya sahani, kumbe ni watu wawili na meza yenye matundu: mmoja anatoa kichwa, mwingine anatoa mwili.

Kwa nini alipoteza karatasi kwa mambo ya michezo? Sababu alitaka msomaji ajiulize: kama kijana wa sokoni anaweza kunifanya nione kichwa kikisema bila mwili, nitawezaje kumnyonga mama mzee juu ya jambo ambalo mtu amesema ameliona? Kitabu hicho kilimkasirisha hata mfalme. James wa Scotland, ambaye baadaye alitawala Uingereza pia, alitoa kitabu chake mwaka 1597 kumpinga Scot na kusema wachawi wako kweli.

Wapendwa, katika miji yetu leo kuko watoto wanaofukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja, ndoki. Tunaomba kila mmoja amfikirie Scot kabla ya kurudia neno hilo juu ya mtoto wa mtu.

5. Fundi wa saa wa mji wa Blois

Mtu anayehesabiwa kuwa baba wa kiini-macho cha siku hizi ni Mfaransa, Jean-Eugène Robert, aliyezaliwa mji wa Blois mwaka 1805. Baba yake alikuwa fundi wa saa, na yeye vilevile akawa fundi wa saa. Alisimulia mwenyewe kwamba siku moja alikwenda kununua vitabu juu ya kazi ya saa. Mwenye duka akakosea akamfungia vitabu vingine, na alipofungua nyumbani akakuta ni mafundisho ya kiini-macho. Hakuvirudisha. Alioa binti wa fundi wa saa aliyeitwa Houdin, akaunga majina mawili, akawa Robert-Houdin.

Mwaka 1845 alifungua jumba lake dogo la michezo katika Paris. Mbele yake, wachezaji wengi walivaa kanzu ndefu za kichawi na kofia ya ncha, na meza zao zilifunikwa kitambaa hata chini. Robert-Houdin alivaa suti nyeusi kama bwana yeyote aliyealikwa chakula cha jioni. Meza zake zilikuwa nyepesi, unaona miguu yake. Alifundisha kwamba mwenye kiini-macho si mchawi; ni mchezaji wa teatro anayecheza nafasi ya mchawi.

Nguvu zake zilitoka kwa masomo. Alijua mashine za saa, na alijua jambo jipya la wakati ule: umeme. Tutaeleza sanduku lake, maana tutalihitaji. Lilikuwa sanduku dogo, chini yake kuna bamba la chuma. Chini ya sakafu ya jukwaa aliweka chuma kilichozungushiwa waya. Umeme ukipita katika waya, chuma kinakuwa sumaku ya nguvu na kushika sanduku. Umeme ukikatwa, kinaliachia. Mtoto anaweza kuliinua, na dakika ileile mwanaume hodari hawezi. Sumaku ya namna hiyo ilitengenezwa kwanza na Mwingereza William Sturgeon, karibu mwaka 1825, na watu wengi wa teatro walikuwa bado hawajasikia habari zake.

Wanafunzi wa kelasi za chini wanaweza kujaribu wenyewe: chukua msumari, uzungushie waya wenye ngozi mara 50, gusisha ncha mbili za waya kwa jiwe la radio. Msumari utaokota pini. Toa waya, pini zitaanguka. Usiache waya muda mrefu, unapata moto na kumaliza jiwe.

6. Sanduku lilipovuka bahari

Hapa historia inakuja Afrika, na inakuwa ngumu.

Ufaransa ilikuwa imeingia Algeria kwa vita tangu mwaka 1830. Wakubwa wa jeshi la Ufaransa waliona kwamba watu wa nchi wanawasikiliza sana marabu, viongozi wao wa dini, na kwamba baadhi yao wanaonyesha mambo ya ajabu na kuwaita watu wasikubali utawala wa wageni. Basi mwaka 1856 serikali ikamtuma Robert-Houdin. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kwamba maajabu ya Wafaransa yanapita yao.

Mwezi wa kumi mwaka ule, katika teatro ya mji wa Algiers, wakuu wa makabila walikalishwa kumtazama. Akaleta sanduku. Lakini safari hii hakusema kama Paris, ambako ulikuwa mchezo wa kuchekesha. Alisema anaweza kumwondolea mtu nguvu zake. Akamwita mwanaume mwenye mwili. Akamwambia: inua. Akainua kwa urahisi. Kisha akamtangazia kwamba sasa amekuwa dhaifu kama mwanamke. Mtu akavuta, akavuta tena, sanduku halikutikisika. Alipokaza kwa nguvu zote, umeme ukapitishwa katika mkono wa sanduku. Mtu akatetemeka, akalia, akapiga magoti, akakimbia nje ya teatro.

Robert-Houdin alisimulia haya mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, tena kwa furaha. Aliandika vilevile kwamba baadaye watafsiri waliamriwa kuwaeleza watu kwamba ilikuwa ni ufundi tu, si uchawi. Lakini tuulize: kwa nini baadaye? Kwa nini si mbele ya yule mwanaume kushika sanduku?

Tulisoma sehemu hii mara mbili. Mtu huyu ndiye aliyewafundisha wote kuvaa suti ya kawaida na kusema ukweli kwamba ni mchezo. Mikono yake haikubadilika, sanduku ni lilelile, umeme ni uleule. Kilichobadilika ni neno alilolisema na jambo alilolitaka kwa watazamaji. Katika Paris alitaka makofi na bei ya tiketi. Katika Algiers alitaka waogope na watii.

Tena haikumaliza neno. Mwaka 1871 sehemu kubwa ya Algeria iliinuka kupigana na Wafaransa, chini ya El Mokrani. Robert-Houdin alikufa mwaka huohuo. Algeria ilipata uhuru mwaka 1962. Sanduku lilishika mkono wa mtu mmoja kwa dakika chache, halikushika nchi.

7. Aibu yetu

Sasa tufike kwa mawaa tuliyotaja mwanzo.

Baada ya profesa kutufundisha, tulijizoeza usiku na kidonge cha mkate mpaka vidole vikakubali. Jioni moja tukawaonyesha wadogo wa dortwari. Kidonge kinapotea mkononi, kinatokea nyuma ya sikio la mtoto. Walishangaa sana. Mmoja akauliza: "Yaya, munaona vilevile vitu vingine vya kufichama?" Tulipaswa kujibu hapana. Tulicheka tu, hatukujibu.

Kesho yake, saa ya kuzima taa, kelele zilikwisha kwa neno moja. Hakuna aliyeruka ukuta. Mtoto mmoja akatuletea mwenyewe kalamu aliyoiba, akisema alijua tumekwisha kuona. Tangu tuwekwe kapita hatukupata kutiiwa vile! Kwa siku tatu ilitupendeza. Tuliwaza: ni kwa faida yao, dortwari iko kimya, Bwana Prefe atafurahi.

Siku ya nne tukasoma habari ya Algiers. Tukaona sanduku letu. Usiku ule mtoto mmoja mdogo alikuwa mgonjwa wa tumbo na hakuthubutu kutuambia, sababu aliogopa tutaona kitu ndani yake. Mwenzake ndiye aliyekuja kutuamsha. Tulimpeleka kwa muuguzi, na akapona, Mungu asifiwe. Lakini sisi hatukulala.

Kesho tukakusanya dortwari nzima, tukachukua mkate, tukawaonyesha kila kitu, vidole wazi, mara kumi. Wengine walikasirika kwamba tuliwadanganya, na walikuwa na haki. Kelele za usiku zimerudi. Ni afadhali kelele.

8. Risasi

Kuna mchezo mmoja ambao tunauandika kwa uzito, maana katika nchi yetu si mchezo.

Katika safari ileile ya Algeria, Robert-Houdin alionyesha kwamba risasi haimwezi. Marabu mmoja alimtaka waonyeshane kwa bastola. Usiku Robert-Houdin alitengeneza risasi ya nta, ndani wazi, akaipaka rangi nyeusi ifanane na ya risasi ya kweli. Kesho, wakati wa kupakia, akabadilisha kwa wepesi wa vidole. Bastola ikalia, nta ikavunjika vipande, na yeye akaonyesha risasi ya kweli kati ya meno yake, ambayo alikuwa nayo tangu mbele.

Wengine waliucheza mchezo huo baada yake. Mmoja aliitwa Chung Ling Soo, Mchina wa ajabu wa teatro za London. Kumbe hakuwa Mchina. Alikuwa Mmarekani, William Robinson, aliyezaliwa mwaka 1861. Bunduki yake ilikuwa na njia ya siri: moto uliwasha baruti ya sehemu nyingine, risasi ya kweli ikabaki ndani. Lakini kadiri ya miaka bunduki ilichakaa. Tarehe 23 ya mwezi wa tatu 1918, moto ulipenya mahali usipotakiwa, risasi ikatoka kweli, ikamwingia kifuani. Alikufa kesho yake. Mtu aliyejua siri yote, mwenye bunduki aliyoitengeneza mwenyewe, risasi ilimuua.

Tulinganishe. Katika Tanganyika, mwaka 1905, watu walionewa sana na Wadachi, wakaambiwa kwamba maji ya Kinjikitile yatageuza risasi kuwa maji. Haki ya kukataa mateso walikuwa nayo. Lakini risasi hazikugeuka, na vita vya Maji Maji pamoja na njaa iliyofuata viliua watu kwa makumi ya elfu. Katika mashariki ya nchi yetu, mwaka 1964, vijana wa Simba walinyunyiziwa dawa, wakaenda mbele ya mashini-gani wakiita Mai Mulele. Wengi walikuwa na miaka kama yetu. Na tangu vita vya miaka ya 1990, vijana wengine, hata watoto, wamenyunyiziwa maji na kuambiwa vilevile.

Mchezaji wa teatro anajiweka yeye mwenyewe mbele ya bunduki, na bunduki ameitengeneza. Anayeuza dawa ya risasi anamweka mtoto wa mwingine mbele, na bunduki ni ya adui. Tofauti hiyo tusiisahau maisha yetu yote.

9. Mtu wa pingu

Tumalizie na mtu aliyetumia vidole vyepesi kuwalinda watu. Erik Weisz alizaliwa Budapest mwaka 1874, akakulia Marekani katika umaskini. Alisoma kitabu cha Robert-Houdin, akampenda hata akachukua jina lake na kujiita Houdini. Baadaye, mwaka 1908, aliandika kitabu cha kumshambulia huyohuyo, kwamba alijisifu kwa mambo ya wengine. Alijulikana dunia nzima kwa kujifungua pingu, minyororo na masanduku yaliyofungwa.

Baada ya vita kubwa ya 1914–1918, mamilioni ya wazazi walikuwa wakilia watoto wao. Kukatokea watu wengi waliosema wanaweza kuita roho za wafu zikaongea, kwa malipo. Houdini, ambaye alikuwa amefiwa na mama yake na kumlilia sana, alikwenda kwao. Macho yake ya fundi yaliona yale ambayo macho ya mwenye machozi hayaoni: mguu unaosukuma meza gizani, mkono ulioponyoka kutoka kwa mkono wa jirani. Akaanza kuwafunua mbele ya watu. Mwaka 1924 alikuwa katika kamati ya gazeti moja la sayansi lililoahidi dola 2,500 kwa atakayeonyesha jambo la roho lisilo na udanganyifu. Yeye alimpinga kwa nguvu mwanamke maarufu wa Boston aliyeitwa Margery, na zawadi haikutolewa. Mwaka 1926 alisema mbele ya kamati ya bunge la Marekani juu ya wapiga ramli. Alikufa mwaka huo, tarehe 31 ya mwezi wa kumi.

Ona, hakupigana na michezo. Michezo ilikuwa chakula chake. Alipigana na wale waliokula machozi ya watu.

10. Namna ya kupima

Tumejiuliza: je, ni lazima tujue siri ya kila jambo ili tusidanganywe? Hapana. Sisi tulitazama robo saa na hatukuona kitu. Mtu mwenye vidole vya kweli atatushinda daima, hata tukisoma chuo kikuu. Lakini kuna maswali matatu ambayo hayahitaji macho makali:

(a) Anasema nguvu inatoka wapi? Akisema ni ufundi wake, ni mchezaji. Akisema ni nguvu ambayo wewe huwezi kuichunguza, simama mbali kidogo.

(b) Anataka nini kwako baadaye? Makofi hayadhuru mtu. Minervali, woga, utii, maisha ya mtoto, hivyo vinadhuru.

(c) Nani anasimama mahali pa hatari, yeye au mwingine?

Tunakumbuka Simoni wa Samaria katika kitabu cha Matendo, sura ya 8. Mji mzima ulimshangaa na kumpa heshima kubwa, na alipoona mitume akataka kununua kwa pesa ile aliyodhani ni siri ya kazi yao. Alifikiri kila kitu ni mchezo wa kununua na kuuza watu. Petro hakumpokea.

Juu ya mdogo wetu: pesa zake hazikurudi, na kwa yule mzee wa kufungua hakwenda. Wanafunzi wa interna walichanga kila mtu kidogo, Bwana Prefe akakubali alipe kilichobaki kwa sehemu mbili. Sasa yeye ndiye anayewafundisha wengine mchezo wa vikombe siku ya jumamosi, kwa kidonge cha mkate, bila pesa, na kila mara anamaliza kwa kufungua vidole vyake.

Maswali kwa mazungumzo ya kelasi

1. Kwa nini watazamaji wa Paris walicheka mbele ya sanduku, na mwanaume wa Algiers akakimbia, hali sanduku ni lilelile?
2. Reginald Scot aliharibu kazi ya wachezaji kwa kufungua siri zao. Je, alifanya vema? Toa sababu.
3. Mtu mwenye mamlaka, kama kapita, mwalimu au mzazi, anaweza kuacha watu wamwogope kwa jambo lisilo kweli, ikiwa linaleta utaratibu? Sisi tumekwisha kujibu. Mujibu na ninyi.
4. Chora sanduku la Robert-Houdin, onyesha waya, chuma na njia ya umeme. (Wanafunzi wa fizike.)

Atakayeona kosa katika somo hili, atuambie. Tutalisahihisha kwa nambari ifuatayo.

Kapita wa wanafunzi,
kelasi ya mwisho